Maswali na Majibu: Nishati ya begi ndani ya treni

Swali: Begi langu la kilo 10 limetulia kwenye rafu ya treni inayokwenda mita 20 kwa sekunde. Lina nishati mwendo, yaani ile ya kitu kinachosonga, au halina?

Inategemea nani anapima. Kwako wewe abiria begi limetulia, hivyo ni sifuri. Aliyesimama kando ya reli analiona likipita na treni. Nusu ya kilo 10, mara kasi ya 20, mara 20 tena, anapata jouli 2,000 (jouli ni kipimo cha nishati). Hakuna aliyekosea. Nishati mwendo haimo ndani ya begi kama nguo zako zilivyomo. Ni uhusiano wa begi na anayelipima. Dunia nayo inalizunguka Jua kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukipimia kwenye Jua, kila kilo ya mwili wako ina jouli milioni 450 hivi, hata ukiwa umelala fofofo.

Swali: Basi hata uharibifu wa ajali unategemea mtazamaji?

La. Chukua magari mawili ya kilo 1,000, kila moja likienda mita 20 kwa sekunde, yagongane uso kwa uso na kunasana. Aliye barabarani anahesabu jouli 200,000 kwa kila gari, kisha yote mawili yanasimama: 400,000 zimeishia kwenye mabati yaliyokunjika, joto na kishindo. Sasa mpe kazi hiyo mtu anayesafiri sambamba na gari la kwanza na asiyepunguza mwendo. Kwake gari la pili linakuja kwa mita 40, lina jouli 800,000! Ila baada ya mgongano haoni magari yamesimama. Anayaona yakirudi nyuma pamoja kwa mita 20, yakiwa bado na 400,000. Zilizopotea ni 400,000 zilezile. Bati halijali nani analitazama.

Swali: Nikiwa ndani ya treni hiyo nimerusha mpira wa kilo 1 kuelekea mbele kwa mita 10 kwa sekunde. Nimeupa jouli 50, lakini mwenzangu aliye nje anasema umeongezewa 250. Hizo 200 zimetoka wapi?

Hili nimelipenda. Kwa aliye nje, mpira umetoka mita 20 hadi 30, yaani jouli 200 hadi 450. Ulipousukuma mbele, nao ulikusukuma nyuma, na miguu yako ikaisukuma sakafu nyuma. Kwake sakafu hiyo inasonga, kwa hiyo msukumo wako ni breki ndogo: treni imepoteza jouli 200, au injini imezifidia. Misuli yako imetoa 50 tu. Ukiuhesabu mpira peke yake na kuisahau treni, hesabu haitakaa sawa.

Swali: Na nishati tuli ya kitabu kilicho mezani, yaani ile inayotokana na kuwa juu, nayo hubadilika hivyo?

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kitabu cha kilo 2 juu ya meza ya mita 1 kina jouli 19.6 ukianzia sakafuni, sifuri ukianzia mezani, na hasi ukianzia darini. Sifuri unaiweka utakapo, maana kikianguka sakafuni kitapoteza 19.6 kwa vyovyote. Mwendo wa mpimaji ni jambo jingine. Nishati hiyo inatokana na umbali wa kitabu na Dunia, na kwa kasi hizi za kawaida, abiria na aliye nje wanaupima umbali huo sawasawa.

Swali: Nishati hasi maana yake kitabu kinadaiwa?

Maana yake kiko chini ya ulipoweka sifuri. Basi.