Wadogo zangu mnaoanza kazi machimboni, anzeni na nyufa

Nimekaa kwenye machimbo ya kokoto upande wa Lugoba miaka kadhaa sasa, na kila wakija vijana wa fildi naona kitu kilekile, mtu anapiga nyundo, jiwe linalia kama kengele, anaandika "mwamba imara". Hapo ndo mnapokosea. Naisi, yaani mwamba wa kule, ni ngumu kweli, ila benchi (ngazi ya ukuta wa machimbo) ya mita 10 haiporomoki kwa sababu jiwe limeshindwa nguvu, inaporomoka kwa sababu jiwe lilishakatika zamani sana na limekalia ufa.

Kwa hiyo soma nyufa. Nyosha tepu chini ya ukuta mita 20 au 30, kila ufa unaokatiza tepu andika umelalia upande gani, umeinama nyuzi ngapi, mpaka unaofuata ni umbali gani, uso wake laini au unakwaruza, ndani kuna nini, unatoa maji au mkavu. Nyundo weka mbali na dira na usipime ukiwa umeegemea gari, chuma kinavuta sindano. Alafu usiishie ukuta mmoja, maana nyufa zinazokwenda sambamba na tepu zitakupita hivihivi, pima na ukuta wa pembeni. Na kabla hujasogelea ukuta wowote angalia juu kwanza, kama mawe yaliyolegea hayajatinduliwa usikae chini yake, helmeti haizuii jiwe la kilo 50.

Ufa wa kuogopa ni ule unaolalia shimoni, mwinamo wake mdogo kuliko wa ukuta kiasi kwamba mguu wake unatokeza nje, ila mkali kuliko msuguano unavyoweza kushika. Ufa mkavu wa kukwaruza unashika mpaka nyuzi 30 na kitu, ukiwa na mfinyanzi inaweza kushuka chini ya 20. Na mbili zikikutana zinatengeneza kabari, hiyo inateleza kufuata mstari zinapokutania hata kama kila mmoja peke yake uliuona salama, kwa hiyo usizipime moja moja ukaridhika.

Masika moja mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikapanda juu ya benchi kabla ya kijiko, ile mashine ya kuchota mawe, kuanza kupakia. Nyuma ya ukingo kama mita 3 hivi nyasi zilikuwa zimekaa kama zimechanwa, nikazifunua, ufa unaingia vidole viwili, na nikitega sikio nasikia maji yanadondoka ndani. Chini ukutani, pale ufa wa nyuzi 48 unapotokeza, nikaingiza kidole kikatoka na tope jekundu linateleza kama sabuni. Nikapigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, nikapima na rula. Saa tatu umeongezeka milimita 4, saa tano milimita 11. Fomeni alikuwa na malori sita kwenye foleni na aligoma, tukabishana mpaka nikamshika mkono nikampandisha akapime mwenyewe. Kijiko kilitolewa. Mchana ule ukuta ulishuka, ukafukia palepale kilipokuwa kimesimama.

Maji ndo yaliyosukuma. Ufa wa kina cha mita 4 ukijaa, kule chini kila mita ya mraba inasukumwa kwa nguvu kama tani 4, na yakipenya chini ya jiwe yanalinyanyua, msuguano unapungua. Ndo maana mitaro ya juu ya ukingo izibuliwe kabla ya Machi, na kila baada ya kulipua baruti mpande tena, mlipuko unafungua nyufa zilizokuwa zimebana.

Huko Bingham Canyon, mgodi wa shaba Marekani, Aprili 2013 walikuwa na rada inayofuatilia ukuta, ikawaonyesha kasi inapanda, wakatoa watu na zaidi ya tani milioni 100 zikashuka bila mtu kufa. Sisi wengi hatuna rada. Misumari na rula mnavyo, pimeni asubuhi na jioni, andikeni na saa, na milimita za leo zikizidi za jana toeni watu kwanza, mabishano baadae.