Kwa mnaoanza kusimama uzioni Prestwick

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye uzio wa uwanja wa ndege wa Prestwick, Scotland, tunakotazama ndege za jeshi na kuandika namba zake, na vijana wawili waliokuja kwa treni kutoka Glasgow, mmoja wa Morogoro, mwingine wa Likoni, wote wageni kwenye shughuli hii. Herc ya Kanada, yaani ndege ya mizigo ya jeshi C-130 Hercules, ikatua njia ya kurukia namba 30. Kabla haijamaliza kupunguza mwendo, wa Likoni keshaandika kwenye simu namba yake ya mkiani: 130611. Nikamwuliza kaisoma wapi. Akanionyesha programu ya simu ya kufuatilia ndege. Ndege ilipokata kona kuja maegeshoni nikampa darubini. Akakodoa macho, kisha akanyamaza. Ilikuwa 130617.

Nilitaka kumfokea, na papo hapo nikamwonea huruma, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi, na kubwa kuliko lake. Ndiyo maana naandika, kwa ajili yao na kwa wengine mtakaoshuka pale stesheni ya uwanjani na kamera mpya shingoni.

1. Jua liwe mgongoni. Upande wa Monkton unavutia kwa sababu uko karibu, lakini ni kaskazini. Mchana jua linakupiga usoni na ndege inatoka nyeusi kama mkaa. Hizi mashine ni za kijivu na namba zake ni za kijivu kilichokolea, kwa hiyo mwanga ukikukataa umepoteza siku.

2. Hesabuni mapanga kabla ya kufungua kinywa. Herc ya zamani, kama toleo la H, ina manne kwa kila injini, toleo jipya la J lina sita, A400M, ndege nyingine ya mizigo, ina manane na mkia wenye umbo la T. Zipo H zilizobadilishiwa zikapewa manane, basi ukimaliza mapanga tazama na mkia. Spartan, ndege ndogo ya mizigo ambayo Wakenya mnayo nyumbani, ina mapanga sita kama J na injini za ukoo uleule, lakini ni mbili tu. Na Waingereza waliziaga Herc zao Juni 2023. Msiniandikie tena "Herc ya RAF", yaani ya jeshi la anga la Uingereza. Kuna mama wa jirani huja na binti yake wa miaka sita, na yule mtoto huhesabu kwa sauti, kidole juu, mpaka nane. Hajawahi kukosea, kwa sababu hahesabu mpaka injini zizimwe na mapanga yasimame. Nyinyi mnahesabu yakiwa yanazunguka.

3. Programu inakuambia uende uwanjani, haikuambii uandike nini. Msimbo wa ndege unaoanza na AE ni jeshi la Marekani; kwenye jina la safari, RCH ni wasafirishaji wao, CFC ni Kanada, RRR ni Uingereza. Vizuri. Lakini orodha iliyo nyuma ya programu imejazwa na watu, na watu hukosea. Wakati mwingine rubani hatangazi mahali alipo kabisa, unashtukia C-17, ndege kubwa ya mizigo, ipo juu ya mji wa Ayr na skrini yako ni tupu.

4. Namba za mkiani. Za Marekani mnazijua: tarakimu ya kwanza kati ya tano ni ya mwisho ya mwaka wa bajeti. Jihadharini na C-17 tu, kwani 80049 ni ya 1998 na 88191 ni ya 2008. Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Aliyenifundisha kazi hii ni mzee mmoja wa Kilmarnock, fundi mstaafu. Jina lake nitaliacha. Sote tunamwita Mzee. Yeye alianza kwenye uzio huuhuu Machi 1960, siku Elvis Presley aliposhuka hapa kwa ndege ya usafirishaji ya jeshi akirudi Marekani kutoka Ujerumani. Dada yake alikimbia kwenda kumwona Elvis, akamburuta mdogo wake kwa mkono. Dada akamwona Elvis, Mzee akaiona ndege. Tangu hapo hajaondoka.

C-5 ni ndege za mizigo kubwa kuliko zote za jeshi la Marekani, na zilizofanyiwa matengenezo makubwa na kuitwa M ni 52. Mzee alikuwa ameziona 51, nyingine hapa, nyingine kambi ya Mildenhall huko Uingereza, nyingine kambi ya Ramstein huko Ujerumani alikokwenda kwa basi. Iliyobaki ni 86-0018, ambayo mkiani husomeka 60018. Kwenye daftari lake alikuwa ameiwekea mstari, namba upande wa kushoto kwa wino, na nafasi ya tarehe wazi. Daftari hilo nimelishika mikononi. Mstari ule umepauka kwa kuguswa na kidole.

Basi Julai moja, mwaka wangu wa pili, nikafika asubuhi nikaikuta C-5M imeegeshwa mbali. Ile injini ndogo ya kuzalisha umeme ndege ikiwa imeegeshwa ilikuwa inanguruma, hewa moto inapanda, lami nayo imeshika jua. Mazigazi matupu. Mkia ulikuwa unacheza kama nguo iliyoanikwa. Nikasoma sita, sifuri, sifuri, moja. Ya mwisho ilikuwa ya duara. Nikafuta lenzi, nikatazama tena, ya duara. Programu haikuwa na kitu.

Nawaambia ukweli wa moyoni: sikuiona nane. Niliitaka. Nilitaka niwe mimi wa kumpa Mzee ndege yake, mimi mgeni, niliyefundishwa na yeye hata kushika darubini. Nikapiga simu. "Mzee, ni yenyewe. Sita, sifuri, sifuri, moja, nane." Kimya. Kisha nikasikia kiti kinasukumwa.

Wiki mbili kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alimkataza safari. Mkewe alimkataza. Akaita teksi. Nilimwona akishuka na fimbo, uso mweupe kwa maumivu, na daftari amelitia ndani ya koti upande wa kifua. Nikamshika mkono mpaka uzioni. Wakati huo wingu lilikuwa limefunika jua, injini ndogo imezimwa, hewa imetulia. Akainua darubini. Akakaa nayo muda mrefu. Akanipa.

"Soma."

Ilikuwa tatu, upande wa kushoto wazi kabisa. 60013. Alikuwa ameshaiona mara tatu.

Hakunifokea. Aliniuliza, "Ulisoma tarakimu ngapi?" Nikasema nne. Akasema, "Basi ungeniambia nne. Ningekuja vilevile."

Kisha akafungua daftari, akatafuta mstari wa 60013, akaandika tarehe ya siku ile pembeni ya zile tatu, kwa mwandiko wake mdogo, mkono unatetemeka. Ndiyo aliyoiona, ndiyo aliyoandika. Nauli ya teksi alikataa nisilipe. Mkewe alikaa miezi bila kupokea simu yangu, na alikuwa na haki.

Usiku ule nilipitia daftari langu mwanzo hadi mwisho. Nilikuta namba 11 ambazo nikijiuliza vizuri sikuwa nimezisoma zote. Nikazikata kwa wino mwekundu. Tatu nimezipata tena kwa halali. Mstari wa Mzee bado uko wazi.

5. Tarakimu ikikataa: sogea hatua 50 ubadilishe pembe, piga picha nyingi mfululizo ukasome nyumbani, soma utepe wa mkiani wenye jina la kambi, subiri ndege itembee. Kanada wamewarahisishia, 130 na 177 za mwanzo ni aina ya ndege. C-17 za Uingereza ni ZZ171 hadi ZZ178, A400M ni ZM400 hadi ZM421. Karirini. Ikishindikana kabisa, acheni nafasi.

6. Msizibe mageti ya zimamoto. Redio ya kusikiliza marubani iacheni nyumbani, sheria ya hapa ya 2006 hairuhusu. Nyuso za askari na mizigo inayoshushwa msizirushe mtandaoni. Mwaka 2022 Wakanada walipoweka Herc zao hapa kupeleka misaada ya Ukraine, baadhi yetu tulikubaliana kutotoa picha mpaka ndege iwe imeshaondoka, na mimi sijaiacha desturi hiyo. Kijana wa Likoni aliniambia akirudi likizo atajaribu uzio wa Mombasa. Mwanangu, usithubutu. Hapa askari anakusalimia anapita. Kule ukielekeza kamera kwenye ndege ya jeshi utalala kituoni, na mama yako atauza mbuzi kukutoa.

7. Vaeni koti hata Julai. Upepo wa baharini pale hauna huruma.

Jumamosi ijayo kukiwa kukavu Mzee amesema atakuja. Kusimama muda mrefu hawezi tena, kwa hiyo mmoja wenu abebe kiti cha kukunja, mwingine chupa ya chai, isitiwe sukari nyingi. Wa Likoni aje na daftari la karatasi.