Mume wangu hataki tena kusikia habari za kulala kwenye hema

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4, tunaishi Buhongwa, Mwanza. Likizo ya Juni mwaka jana tulikwenda kisiwani tukalala siku mbili kwenye mahema. Tulipanga laki mbili, tukarudi tumetumia 480,000: mahema mawili ya kukodi 100,000, mtumbwi wa injini 160,000, chakula cha mgahawani 140,000, na 80,000 ni soda, mkaa, bodaboda na vitu ambavyo hata sivikumbuki. Wifi yangu alikuja na wanawe wawili, hakutoa hata mia. Mume wangu ndiye aliyelipa kila kitu, njia nzima ya kurudi kanyamaza. Sasa watoto wanauliza tunakwenda lini, na yeye akisikia neno hema anatoka nje. Nifanyeje? Mama wa Watatu, Buhongwa.*

Marahaba, mwanangu.

Mumeo hana ugomvi na hema. Kilichomuuma ni kutoa pochi kila saa mbele ya watoto na mbele ya dada yake, mahali ambapo mwanaume hawezi kusema hapana. Kwa hiyo usianze na "baba, twende wapi". Mwandikie kwenye karatasi hesabu hiyohiyo uliyoniandikia mimi, mwambie mwaka huu hakuna shilingi itakayotoka kule ambayo hamjaikubali mkiwa nyumbani, halafu mwache aisome. Ataona mwenyewe kwamba mtumbwi na mgahawa peke yake vimekula laki tatu.

Mtumbwi kwanza. Nahodha aliwapeleka, akarudi mtupu. Siku ya kurudi akaja mtupu, akawachukua. Ni petroli ya safari nne, nyinyi mkapanda mbili. Hakuwaibia, ndivyo ilivyo kila ukikodi mtumbwi ukalale kisiwani, na hata ungebembeleza bei vipi, zile safari mbili tupu lazima mtu azilipe. Mkitaka kisiwa, pandeni chombo cha abiria cha kwenda Nansio, Ukerewe, kinachokata tiketi kwa kichwa. Au wapelekeni watoto mchana Saanane, kile kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa: boti inaondokea Capri Point, ni mwendo mfupi, wanaona wanyama, jioni mnarudi kulala nchi kavu. Hifadhi za taifa humtoza Mtanzania kwa shilingi, na mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio, basi beba kitambulisho chako cha NIDA na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Serengeti kwa lango la Ndabaka iacheni mwaka huu. Kule kuna kiingilio cha kila kichwa, cha gari, na ada ya kulala ya kila kichwa kila usiku.

Mwaka huu laleni ufukweni huku bara, mahali penye uzio, choo na mlinzi, panapofikika kwa daladala. Piga simu kabla, uulize wanatoza kwa hema au kwa kichwa, kama choo na maji ya kuoga vimo ndani ya bei, kama mnaruhusiwa kupika wenyewe, na kama chakula cha kutoka nje kinakubalika. Hili la mwisho usilisahau. Fukwe nyingine zinakupa nafasi ya hema kwa bei ndogo halafu zinakukataza sufuria yako ili ununue kwao, na hapo laki na arobaini inakuwa imerudi.

Kuhusu mahema, msikodi mawili. Nyinyi watano mnaenea kwenye hema moja la watu sita, kwa sababu hesabu ya watu inayoandikwa kwenye mfuko ni ya watu waliobanana bila mizigo. Pale Mlango Mmoja kwenye mitumba huwa yanapita. Ukilipata, lifungue lote hapohapo, usikubali kuoneshwa likiwa limekunjwa. Pitisha kidole upande wa ndani wa kitambaa. Kikinatanata na kutoa harufu kali ya uvundo, ule utando wa kuzuia maji umeshakufa na hakuna fundi wa kuurudisha, liache hata kwa bei ya bure. Zipu vuta mara tatu kwenda na kurudi. Nguzo ziunge zote, maana kipande kimoja kikikosekana hema halisimami. Ukifika nyumbani lisimamishe uani, limwagie ndoo mbili za maji, mtoto mmoja akae ndani akuoneshe linapovuja. Karibu kila mara ni kwenye mishono. Kama pesa ya hema haijatosha, Juni ni kiangazi: turubai la mita 4 kwa 6 lililofungwa kwenye miti miwili, chini yake vyandarua vyenu vya kitandani, linawatosha kabisa. Lakini turubai lenyewe lisikosekane, kwa sababu radi za ziwani hukusanyika usiku na huweza kufika ufukweni alfajiri hata msimu usio wa mvua.

Turubai la kutandika chini ya hema likunje kingo zake zote ziingie ndani. Likitokeza hata kidogo linakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya migongo yenu. Watu hulaumu hema, kumbe ni hilo. Mchangani vigingi vinang'oka kwa upepo, kwa hiyo jaza mchanga kwenye viroba, funga kamba, vifukie kina cha sentimita 30. Kwenye majabali yetu ya Mwanza kigingi hakiingii kabisa, funga kamba kwenye mawe makubwa na uviringishe kitambaa pale inapopita kwenye ukingo, isikatike. Baridi ya usiku hutoka ardhini zaidi kuliko hewani, basi tandaza maboksi yaliyopasuliwa, juu yake mkeka, ndipo blanketi. Maboksi dukani kwa jirani utayapata bure.

Chakula. Mlo wa ugali kwa nyinyi watano ni unga wa gramu 700 hivi, basi kwa milo miwili beba kilo moja na nusu. Mchele kilo moja. Dagaa nusu kilo wa Mwaloni Kirumba, uwachambue na kuwakaanga nyumbani, maana mchanga wa dagaa hautoki vizuri kwa maji ya kupima. Maharage yachemshe nyumbani usiku wa kuamkia safari. Ukiyapeleka mabichi yatakula nishati kuliko milo mingine yote. Chapati 15 na mayai 10 ya kuchemsha ni chai ya asubuhi mbili. Sato nunua asubuhi ya pili kwenye mwalo wa jirani, umfunue mashavu: yawe mekundu, na macho yake yawe maangavu.

Chukua mtungi wenu wa gesi wa kilo 6, siku mbili hamtatumia hata kilo moja, na ile mifuko midogo ya mkaa ya ufukweni hamtaigusa. Ndani ya hema usiwashe jiko la aina yoyote, hata kwa baridi. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu waliolala. Maji bebeni madumu mawili ya lita 20, ya kunywa na kupikia. Chupa tano za maji zigandishe kwenye friji, uzipange chini ya ndoo yenye mfuniko. Zinapoza nyanya na soda mlizonunua mjini kwa kreti, kisha zikiyeyuka mnazinywa.

Mahali pa kutokubana ni afya. Kichocho kimo ziwani, na vijidudu vyake hupenya ngozi, hasa jua likiwa kali, kwenye maji yaliyotulia yenye matete na konokono. Usiwaogeshe watoto ziwani, maji ya kuoga yachemsheni. Wakiingia ziwani bila wewe kujua, wapeleke kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye, kwa kuwa dawa haiwawezi vizuri minyoo wakiwa bado wachanga. Kwenye chombo chochote cha majini, kila mtoto avae jaketi okozi la saizi yake. Na hema lisisimame penye majani yaliyonyolewa mafupi kama uwanja wa mpira kando ya maji, hapo ndipo kiboko anapolisha usiku.

Sasa wifi. Asiambiwe na wewe, aambiwe na kaka yake, kwa upole, wiki tatu kabla: safari ni kiasi fulani kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto, itumwe kwa simu ifikapo tarehe fulani, na mahali pa kulala aje napo. Akituma, karibuni wote, gharama ya gesi na turubai mtagawana. Tarehe ikipita hajatuma, nunua unga wa watu watano.