Kopi bila mwimbaji: jifunze maneno kwanza ndio ushike tarumbeta

Mimi napiga tromboni, ile tarumbeta kubwa ya kuvuta bomba. Nilianzia kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa hapa Kampala, wakati huo tunaishi kota za polisi Nsambya, na saa hii niko mwaka wa sita kwenye bigi bendi ya watu 17: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, alafu piano, gitaa, besi na dramu. Kazi yetu kubwa ni kupiga kopi, yaani nyimbo zile watu wanazijua redioni, ila bila mtu wa kuimba. Vijana wananiuliza sana tunafanyaje, basi acha niandike kile kilichotufundisha.

Mwanzoni kabisa tulipata kazi ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bibi harusi kumtambulisha mume kwao, huko Mukono. Tukachukua wimbo mmoja wa Kiganda ambao wakati ule kila duka na kila teksi ilikua inaupiga, tukaupanga kwa wiki tatu, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) tamu tamu za jazi, saksafoni juu tromboni chini, tukapiga beti mbili nzima na watu wakaendelea tu kula. Baadaye mama mmoja akaniita akaniuliza, mwanangu, ule wimbo wa tatu unaitwaje? Nilipomtajia jina akashika kifua, akasema huo ameuimba jikoni asubuhi ile ile. Iliniuma sana jamani. Sikulala vizuri.

Shida ilikua tulisoma noti, hatukusoma maneno. Kiganda sauti zake zinapanda na kushuka na neno, kuna irabu ndefu na fupi, ukifupisha pale pa kurefusha umelitaja neno lingine kabisa, na mwimbaji anafuata hayo yote bila hata kufikiri. Sisi tulikua tunapuliza noti zote sawa sawa kama tunapiga gwaride. Tangu siku ile sheria yetu ni moja, hakuna anayepuliza wimbo kabla hajauimba. Tunakaa duara tunaimba ubeti wa kwanza na kiitikio kwa mdomo, wote 17 hata mpiga dramu, alafu kila mtu anaandika maneno kwa penseli chini ya noti zake. Unavuta pumzi pale mwimbaji anapovuta, sio pale mapafu yako yanapoishiwa. Ulimi pia, neno gumu unalipiga "ta", neno laini unalipiga "da". Ni kitu kidogo lakini ndio kinafanya vyombo vya shaba viongee.

Sasa kuna nyimbo ambazo hata ukifanya hivyo bado zinakataa, na nyingi ni hizi za siku hizi, maana mwimbaji anakaa noti moja anamwaga maneno kumi. Ukiondoa maneno unabaki na honi. Hapo usilazimishe tromboni moja ibebe mzigo, wape saksafoni zote 5 waupige pamoja kwa sauti tofauti ili ile noti ya juu ikae palepale lakini chini yake mambo yanasogea, na mwisho wa kila mstari tarumbeta zijibu, vile waitikiaji wanamjibu mwimbaji. Tena kodi zenyewe utakuta ni nne zinazunguka mwanzo mwisho. Mwimbaji anaponea kwa kubadilisha hadithi kila ubeti, sisi hadithi hatuna, kwa hiyo tunabadilisha rangi: ubeti wa kwanza saksafoni tu, wa pili tromboni, tarumbeta zinyamaze kabisa, wa tatu besi na dramu tu na mtu mmoja anapiga solo, alafu ndio wote mlipuke pamoja. Mkipuliza wote kuanzia dakika ya kwanza mtapeleka wapi?

Kwa rangi pia nunueni kile kimpira cha kuzibulia sinki, kipo kila duka la hadiwea, toa mti wake uzibe na kuzibua mdomo wa tarumbeta au tromboni, italia kama mtu anasema. Bubber Miley na Tricky Sam Nanton kwenye bendi ya Duke Ellington walijulikana kwa hiyo sauti miaka ya 1920.

Kitu kingine ni ki, yaani noti ambayo wimbo mzima unaikalia. Nyimbo za gitaa ziko E mara nyingi, na E kwa mtu wa gitaa ni raha, lakini noti zetu za kupuliza zinaandikwa kwa ki nyingine, kwa hiyo kwa mtu wa tarumbeta ni F# yenye shapu 6 (alama za kupandisha noti) na kwa mwenye saksafoni ya alto ni C# yenye shapu 7, hapo mazoezi yote yanaisha watu wanatafuta vidole. Shusha wimbo nusu sauti uende Eb. Tarumbeta wanasoma F, alto wanasoma C, kila mtu anapumua.

Na sikilizeni waliotangulia. Count Basie, mpiga piano wa Marekani mwenye bigi bendi yake, mwaka 1966 alitoa albamu nzima ya nyimbo za The Beatles, Chico O'Farrill wa Cuba ndiye aliyezipanga, na mpiga dramu Buddy Rich mwaka 1967 akarekodi Norwegian Wood, wimbo wao pia, na bendi yake. Sikiliza vile wimbo wenyewe hawaufichi hata wakiuvalisha suti mpya. Hapa nyumbani tuna bendi ya Afrigo tangu 1975, na mimi saksafoni ya Moses Matovu naisikiliza kama naenda shule, maana inaongea kama mtu wa hapa.

Kabla hujarekodi na kuweka mtandaoni mtafute mwenye wimbo muongee, kubadilisha wimbo wa mtu sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inataka ruhusa yake, na ni heshima tu.

Ule wimbo wa Mukono tuliupanga upya, tukaupeleka kwenye harusi nyingine Entebbe, hatukuutangaza. Mstari wa pili nikasikia meza za nyuma zinaimba. Sasa tuko na wimbo mmoja wa zamani wa Kiswahili, mama yangu aliupenda sana. Ubeti wa kwanza nimepewa mimi peke yangu na gitaa tu, maneno nayajua tangu utoto, ila tarumbeta ziingie wapi bado tunabishana, Jumamosi tutajaribu kwenye kiitikio cha pili.