Mafuta yakiadimika, ndipo uyakague zaidi

Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kupima matangi katika bohari moja ya mafuta hapa Unguja, na tangu nilipoiacha nimekuwa na chombo cha mashine kinachobeba mizigo baina ya Wete na Tanga. Wenye vyombo, magari na jenereta ninawashauri jambo ambalo nililijua kazini lakini sikulitekeleza mpaka liliponifika mwenyewe: uhaba wa mafuta na ubovu wake aghalabu huja pamoja, kwa hiyo siku ya foleni ndiyo siku ya kukagua zaidi.

Jambo hili huanzia mbali na sheli. Mafuta ghafi hayafanani: Brent ya Bahari ya Kaskazini ni mepesi na salfa yake ni kiasi cha asilimia 0.4, ilhali Maya ya Meksiko ni mazito na salfa yake hupita asilimia 3, na kiwanda kilichojengwa kusafisha mafuta mepesi hakiwezi kuletewa mazito kikaendelea kutoa dizeli ileile kwa wingi uleule. Mwezi wa Aprili 2019 mafuta yaliyopita katika bomba la Druzhba kutoka Urusi yaligunduliwa kuwa na kemikali za klorini, ambazo zikipashwa moto kiwandani hutoa asidi inayokula mitambo. Kiwango kinachokubaliwa ni sehemu 10 kwa milioni, na yale yalikutwa yamepita 150. Poland na Ujerumani zilisimamisha kuyapokea, ingawa bomba lilikuwa limejaa.

Jirani zetu nao wana mtihani wao. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa lipashwe moto njia nzima ili yasigande. Hata hivyo mafuta hayo ni ya kusafirishwa nje, kwa kuwa kiwanda cha kusafishia cha Dar es Salaam kiliacha kazi hiyo zamani na kile cha Mombasa kiliacha mwaka 2013. Tunachokichoma Pemba huja kikiwa kimeshasafishwa ng'ambo, na kila kinapohamishwa kutoka melini kwenda tangini, na kutoka tangi moja kwenda jingine, maji na uchafu hupata nafasi ya kuingia.

Bohari tulikuwa tukishusha utepe wenye timazi ya shaba, ncha yake tumeipaka dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hulala chini pamoja na kutu, na pale yanapokutana na dizeli huota bakteria na kuvu wanaotengeneza utando. Tangi likiwa limejaa, mashapo hayo hukaa mbali na mdomo wa pampu. Tangi likishuka, pampu huvuta jirani nayo, na mzigo mpya ukimiminwa juu yake yote huvurugika. Yanahitaji saa kadhaa kutulia, lakini muuzaji mwenye watu mia nje ya geti ni nadra kuwaambia wasubiri.

Mwaka mmoja pepo za kusi zilikaza, meli ikachelewa kufika Wesha, na sheli zikakauka kwa siku kadhaa. Mafuta yaliposhushwa nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo, nikajaza madumu matano, nikamimina tangini usiku uleule. Katikati ya mkondo wa Pemba mashine ilianza kupanda na kushuka, kisha ikazima. Nahodha alifungua kikombe cha chujio akanimiminia kiganjani: maji yaliyopauka, dizeli ikielea juu yake, na baina yake utando wa kahawia unaoteleza kama kamasi. Aliniuliza, "Mzee, haya mafuta uliyaangalia?" Nilishindwa kumjibu. Tulichukuliwa na mkondo kwa muda wa karibu saa tatu kabla ya kupata cha kutuvuta, tukiwa na abiria mmoja mjamzito, na jambo hilo bado linaniuma.

Tangu hapo nina chupa ya kioo nyeupe. Kabla sijajaza madumu huomba kiasi kidogo ndani yake, nikaiweka juani dakika chache: dizeli nzuri hung'aa, yenye maji huwa na ukungu au hujitenga chini. Muulize muuzaji mzigo umeingia saa ngapi, na kama ni sasa hivi, rudi jioni. Dumu liache litulie usiku mmoja, kisha mimina taratibu na uache robo lita ya mwisho. Kitambaa kwenye faneli huzuia takataka, maji hakizuii, kwa hiyo kikombe cha chujio kimwagwe kila asubuhi na chujio la akiba liwemo chomboni. Miezi ya kusi usiache akiba ishuke chini ya nusu, na tangi lisikae tupu, maana unyevu wa usiku hugeuka maji kwenye kuta zake. Petroli ya akiba isilazwe ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kwa usiku mmoja.

Na ukiuziwa mabovu, usiyamwage yote kwa hasira. Jaza chupa, uifunge, uandike tarehe na sheli uliyonunua, uiambatanishe na risiti, kisha uipeleke ZURA, ambao ndio wenye mamlaka ya kudhibiti mafuta hapa Zanzibar. Mimi nilirudi Wete na mashine iliyoharibika, bila risiti, na kila tone nilikuwa nimeshalimwaga baharini.