Maswali na majibu: Je, ninunue pikipiki mpya ya spoti ya cc 1000 nikiwa Tanga?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 31, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Nimeendesha Boxer 150 kwa miaka sita, kwenda kazini na kurudi, na mara mojamoja kwenda Muheza kuwaona wazazi. Nimedunduliza fedha na sasa nataka kuagiza pikipiki mpya kabisa ya spoti, na moyo wangu uko kwa Yamaha R1. Wenzangu wengine wanasema nichukue iliyotumika, wengine wanasema niachane nayo kabisa. Naomba unijibu kitaalamu: inafaa kwa barabara zetu, itanigharimu nini baada ya kuinunua, na je, uzoefu wangu unatosha?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umeuliza kabla ya kutoa fedha, na hilo limenifurahisha, kwa sababu wengi hunijia gereji pikipiki ikiwa imekwisha kufika, wakati ambao ushauri wangu hauwezi kuwarudishia hata shilingi. Jibu langu ni kwamba usinunue R1 iwe pikipiki yako ya pili maishani, lakini usiiue hamu yako ya pikipiki ya spoti, maana ipo ya kukufaa, nayo ni ndogo kuliko hiyo uliyoitaja. Nitakueleza sababu zangu moja baada ya nyingine, ili siku utakaposimama mbele ya muuzaji uwe na maswali yako mwenyewe mkononi.

Nianze na nguvu. Boxer yako ina injini ya silinda moja yenye karibu cc 150, nayo inatoa nguvu farasi 12. R1 ina silinda nne na cc 998, inatoa nguvu farasi zinazokaribia 200, na ikiwa imejazwa mafuta uzito wake ni kama kilo 200 tu. Maana yake ni kwamba uzito haujafika hata mara mbili ya ule uliouzoea, ilhali nguvu imeongezeka zaidi ya mara kumi na tano. Gia ya kwanza peke yake inaweza kuvuka kilomita 130 kwa saa. Kwa kuwa sheria inakutaka usizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi ya watu, unaweza kutoka Chumbageni hadi Kange bila kuwa na haja ya kuingiza gia ya pili, huku injini ikilalamika, mikono ikiuma na joto la radieta likikupiga mapajani.

Miaka sita ya Boxer imekufundisha mambo ya thamani: kuisoma barabara, kumkisia dereva wa bajaji anayekata kona bila kutoa ishara, kupita kwenye mchanga, kushika breki taratibu wakati wa masika. Hayo hayapotei. Lakini Boxer imekufundisha pia tabia moja itakayokuumiza, nayo ni kuzungusha mafuta hadi mwisho kila unapotaka kulipita gari, kwa kuwa ukiwa na nguvu farasi 12 usipofanya hivyo hulipiti. Mkono ukishazoea hauulizi ruhusa. Siku ya kwanza utakapoufanya mzunguko uleule juu ya R1, tairi la mbele litaacha lami, au la nyuma litateleza, na yote mawili yatatokea kabla akili yako haijatambua kwamba kuna jambo.

Wauzaji watakuambia kwamba pikipiki hizi sasa zina kompyuta ya kumlinda dereva, na hilo ni kweli. Tangu 2015 R1 imewekewa kifaa kinachopima namna pikipiki inavyolala, inavyoinuka na inavyokwenda upande, na kompyuta hupunguza nguvu inapogundua kwamba tairi la nyuma linateleza au la mbele linanyanyuka. Ni kazi ya uhandisi ninayoiheshimu sana. Hata hivyo, kifaa hicho kinajua hali ya pikipiki yenyewe tu. Hakimwoni mbuzi anayevuka barabara ya Horohoro, wala hakijui kwamba mbele yako kuna mchanga uliomwagwa na lori. Breki za ABS nazo huzuia tairi lisijifunge, lakini hazifupishi umbali ambao spidi yenyewe imeuumba.

Umbali huo nakuomba uufanyie hesabu wewe mwenyewe. Chukua dereva mzuri mwenye breki nzuri kwenye lami kavu, umpe sekunde moja ya kugundua hatari na kuanza kushika breki. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyo itammalizia kama mita 14, na breki zitahitaji mita 12 hivi, jumla mita 26. Akiwa kwenye kilomita 150 kwa saa, sekunde ileile itammalizia mita 42 hata kabla hajagusa breki, na breki zitahitaji mita nyingine 108, jumla mita 150. Spidi imezidi mara tatu, lakini umbali wa breki umezidi mara tisa, kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha spidi. Sasa jiulize ni wapi kati ya Pongwe na Muheza utapata mita 150 za barabara usizoshiriki na mtu, baiskeli, mfugo, daladala iliyosimama au tuta. Mimi nimeendesha njia hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na vipande vya namna hiyo ni vichache mno.

Kuhusu matuta, R1 iko milimita 130 tu juu ya ardhi, na shokapu zake hucheza milimita 120 mbele na vivyo hivyo nyuma, kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya lami laini. Chini ya injini kuna bomba la moshi na kava za plastiki, ambavyo ndivyo vitakavyogonga tuta refu ukilivuka umebeba mtu. Kiti chake kina kimo kinachozidi milimita 850, kwa hiyo pima kama nyayo zako zinakanyaga chini vizuri. Kiti cha abiria ni kipande kidogo kisichofaa kumpakia mama yako hata kwa safari ya dakika kumi, na umesema mwenyewe kwamba safari zako za mbali ni za kwa wazazi.

Sasa nije kwenye matengenezo, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko yote, na ambayo wanunuzi wengi hawayafikirii kabisa. Miaka michache iliyopita mteja mmoja aliniletea pikipiki ya spoti ya cc 600 ikiwa juu ya Kirikuu. Haikuwa imepata ajali. Aliiegesha Raskazone jioni kutazama bahari, stendi ikazama polepole kwenye mchanga, pikipiki ikalala upande wa kushoto. Kwa Boxer jambo hilo ni la kuinyanyua, kunyoosha kioo na kuondoka. Kwa pikipiki ile, mkono wa klachi ulikatika, plastiki ya ubavu ikapasuka, na kava ya alumini inayofunika jenereta ikapata ufa mwembamba kama unywele, ambao oili ilikuwa ikipenya humo tone baada ya tone. Mkono wa klachi niliutafutia mbadala siku hiyohiyo. Ile kava tuliichomelea, ikashika wiki mbili, kisha injini ilipopata moto na kutanuka ufa ukarudi palepale. Tukaagiza nyingine kutoka ng'ambo, tukangoja wiki kumi na moja, na ilipofika niliiweka juu ya meza kando ya ile ya zamani nikaona matundu mawili ya bolti hayalingani: muuzaji alikuwa ametuma ya toleo la mwaka mwingine. Mteja yule alikaa bila pikipiki kwa karibu miezi sita kwa sababu ya kuanguka ikiwa imesimama, naye nilimwonea huruma, maana alikuwa mtunzaji mzuri kuliko wengi ninaowajua.

Kava ya Boxer ungeipata kwenye maduka ya spea ya Ngamiani kabla chai haijapoa. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uione kwa macho kabla hujalipa. Pikipiki ya cc 1000 inahitaji kifaa cha kusoma kompyuta yake, oili ya daraja lililotajwa kwenye kitabu chake, na upepo wa tairi uliopimwa kwa geji, ambao kwa kawaida ni PSI 36 mbele na 42 nyuma, si wa kubinya kwa kidole. Inahitaji pia petroli safi, kwa hiyo usithubutu kuinywesha petroli ya chupa ya kando ya njia, kwa kuwa uchafu na maji vitaishia kwenye pampu na kwenye nozeli ndogo za kupulizia mafuta. Kisha kuna hewa yetu ya bahari. Mara nyingi nikifungua soketi za umeme za pikipiki inayolala karibu na ufukwe, hukuta kutu ya kijani kwenye meno ya shaba. Kwa Boxer yenye nyaya chache utaisafisha kwa dakika tano, lakini kwa pikipiki yenye sensa chungu nzima jino moja la namna hiyo linaweza kuwasha taa ya hitilafu na kukusumbua mwezi mzima.

Gharama nitazipitia kwa haraka. Ukiagiza mwenyewe, ushuru wa forodha wa pikipiki ni asilimia 25 ya thamani pamoja na usafiri na bima, na VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezewa ushuru, hivyo kila 1,000,000 inakuwa 1,475,000 kabla hujagusa tozo nyingine na usajili. Tairi la nyuma la R1 lina upana wa milimita 190, mpira wake ni laini ili ushike barabara, na kwa sababu hiyo huisha baada ya kilomita elfu chache. Kata bima kubwa, si ndogo, na uulize mapema kama kampuni itakubali kuikatia pikipiki ya aina hiyo. Leseni yako nayo iangalie: daraja A ndilo la pikipiki zinazozidi cc 125, kwa hiyo kama unalo kwa ajili ya Boxer, hapo huna tatizo.

Pikipiki ninayokushauri ni ya daraja la Yamaha R3 au Kawasaki Ninja 400. R3 ina cc 321, silinda mbili, nguvu farasi 42 na uzito wa kilo 169 hivi. Ninja 400 ina cc 399 na uzito unaolingana na huo. Nguvu farasi 42 ni mara tatu na nusu ya ulizozizoea, na nakuhakikishia kwamba wiki ya kwanza utashuka juu yake ukiwa unatetemeka kwa furaha. Pikipiki hizi zinavuka kilomita 150 kwa saa, zina ABS kwenye matoleo mengi, mikono yake haikuinamishi mno, na injini ya silinda mbili ni rahisi zaidi kwa fundi kuipima valvu kuliko ya silinda nne. Endesha hiyo miaka miwili. Ukiona bado R1 inakuita, mkono wako utakuwa umefundishwa upya, nami sitakuwa na neno la kukuzuia.

Kati ya mpya na iliyotumika, kwa pikipiki ya spoti naunga mkono mpya, kwa sababu nyingi zilizotumika ziliwahi kuanguka, na fremu iliyopinda kidogo haionekani chini ya rangi mpya. Lakini neno “mpya” nalo lichunguzwe. Tangu 2021, Yamaha R6 inayouzwa Ulaya ni ya kiwanja cha mashindano tu, haina taa wala vioo, na ukiletewa ya namna hiyo hutaisajili. Tazama pia ubavu wa tairi, utafute tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu: 2322, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi la miaka mitano kwenye pikipiki inayoitwa mpya linakuambia imekaa stoo muda gani, na betri pamoja na mafuta ya breki vimekaa muda huohuo.

Kabla hujatuma hata malipo ya awali, mwombe muuzaji namba ya fremu, kisha umwulize kwa maandishi bei na muda wa kufika wa vitu vinne: mkono wa klachi, kava ya jenereta, seti ya cheni na spoketi, na pedi za breki za mbele. Akikujibu kwa namba za vipuri na tarehe, huyo anaijua biashara yake. Niletee karatasi hiyo gereji asubuhi yoyote kabla ya saa nne, tuilinganishe na kitabu cha pikipiki yenyewe.