Maswali Yenu: Yule Ndege wa Horombo si Shomoro

Barua za wiki hii nimezichagua zote kwa ajili ya ndege mmoja: chati wa milimani, yule wa kijivu na kahawia anayewapokea wapandaji wakishauacha msitu na kuingia nyikani Kilimanjaro, kama pale kambi ya Horombo. Kwa Kilatini anaitwa Pinarochroa sordida.

Wale shomoro wa Horombo wanakula nini? (Moshi)

Si shomoro. Nimeshaliandika hili mara nyingi, na leo naliandika tena. Shomoro ana mdomo mnene wa kuvunjia punje. Chati ana mdomo mwembamba wa kuokotea wadudu, miguu mirefu, na husimama wima juu ya jiwe akitikisa mbawa na mkia. Akiruka, utaona weupe pembeni mwa mkia wake mfupi. Anakula wadudu. Yule mwenye michirizi kifuani na mdomo mnene, anayeokota punje hapo hapo kambini, ni chiriku. Naye si shomoro. Waongozaji, mgeni amevuka bahari kuja kuwasikiliza ninyi. Mwambieni jina la kweli.

Dume na jike unawatofautishaje? (Arusha)

Kwa rangi huwezi. Wanafanana.

Shikamoo mwalimu. Mgeni wangu alimrushia bisi, ndege akaja mpaka miguuni. Wenzangu wanasema ni kosa. Ubaya uko wapi? (Mgumu, yaani mpagazi, wa njia ya Machame)

Marahaba. Wenzako wamesema kweli, na nashukuru umeuliza, maana wengi hawaulizi.

Chati haogopi watu, na kambini anafuata inzi na wadudu wengine. Ukimpa bisi, umemjaza tumbo kwa kitu chenye chumvi na mafuta ambacho mwili wake haukuumbiwa. Huyu ni ndege wa sentimita 15 hivi. Huko juu jua likizama baridi huwa ya kugandisha maji, naye ana saa 12 tu za mwanga za kutafuta chakula cha kumvusha mpaka asubuhi. Tumbo lililojaa bisi halina nafasi ya mdudu.

Na bisi haziliwi na chati peke yake. Asubuhi moja pale Horombo nilimtazama mpishi akimwaga mabaki ya uji nyuma ya hema la chakula. Kabla hajamaliza kukung'uta sufuria, kunguru shingo-nyeupe saba walikuwa wameshatua. Kunguru hao hula chochote, mayai na makinda wakiwemo. Chati hutaga chini chini, ndani ya shungi la nyasi au kwenye kichaka, mayai mawili au matatu. Kila kambi inayomwaga chakula inawaweka kunguru jirani na viota hivyo. Mabaki yaingie kwenye mfuko wa taka, yapimwe, yashuke nanyi mpaka getini. Mpishi anayeona uvivu kubeba maganda hafai kupandishwa mlimani, na kampuni inayomwachia haifai kupewa wageni.

Nilimwona Monduli mwezi Novemba, kwenye uwanja wa mpira, ana kiuno cheupe kabisa. Ameshuka kutoka Kilimanjaro?

Hapana. Chati haondoki mlimani kwake. Yuko huko mwaka mzima. Maelezo yako yanamfaa zaidi Oenanthe oenanthe, jamaa yake, mgeni wa kaskazini anayekuja kwetu kukimbia majira ya baridi. Mtazame kwa heshima. Ndege wa jamii hiyo waliofungwa vifaa vidogo vya kufuatilia safari walionekana wakitoka Alaska mpaka Afrika Mashariki, kama kilomita 14,500 kwa safari moja, na uzito wao ni gramu 25 hivi. Uwanja huo wa mpira kwake ni malisho, kwa hiyo waambieni watoto waache manati nyumbani.

Rwenzori yupo?

Hayupo. Yupo Elgon, Aberdare, Mlima Kenya, nyanda za kreta upande wa Ngorongoro, Kilimanjaro, na kwa wingi Ethiopia, hasa Bale na Simien.

Usiku wa barafu analalaje? (Mwanafunzi, Marangu)

Hutafuta mahali pasipofikiwa na upepo na kutunisha manyoya, ili hewa iliyonaswa katikati yake imtunzie joto. Mimea ya huko nayo ina njia zake. Yale majani makavu yanayoning'inia kwenye shina la senesio kubwa ni blanketi la mti, hulikinga shina lisigande. Nimeona watu wakiyachuna ili wayalalie. Msiyaguse.

Moto wa 2020 na wa 2022 uliunguza eneo kubwa la Kilimanjaro. Lakini chati anapenda pa wazi. Si amepata makazi zaidi?

Hoja hii naisikia hata kwa watu waliosoma, nayo inanisikitisha. Moto haumchagulii mtu makazi. Unapopita kwenye mashungi ya nyasi unapita na kiota, mayai na wadudu. Tena tangu miaka ya 1970 moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro kwa mamia ya mita. Miti ya erika, inayoota hapo juu mwa msitu, hunasa ukungu na kuugeuza maji yanayoteremka mpaka mashambani kwetu. Juu yake, kwenye jangwa la kuelekea kilele cha Kibo, mvua haifiki hata milimita 250 kwa mwaka. Ukichoma erika umelisogeza jangwa chini, na wa Moshi na Hai ndio watakaouliza maji yamekwenda wapi.

Taarifa za mwanzo za 2020 zilitaja moto wa kupashia chakula, eneo la Whona. Jiko moja. Ndiyo maana sichoki kusema: mtu asiwashe kuni ndani ya hifadhi, asitupe kichungi cha sigara, na mrina asali asiache mwenge unafuka. Chati bado hajahesabiwa kuwa hatarini kutoweka, lakini anayeishi karibu na kilele hana mlima mwingine wa kukimbilia juu yake.

Nimepakua sauti yake kwenye simu. Naweza kumwita ili mgeni apige picha?

Usifanye hivyo. Atadhani mpinzani ameingia eneo lake, aache kula aje kupigana na simu. Mkalishe mgeni juu ya jiwe, anyamaze dakika kumi. Atakuja mwenyewe.